Ndengu za Fundi wa Rajkot

"Haya mafuta yamekaanga nini tangu asubuhi?"

Ngui, muuza chips wa pale kwenye kona, aliinua kijiko chake cha matundu akanitazama kama mtu aliyeulizwa kitambulisho.

"Chips, Baba Shiru. Kwani siku hizi wewe ni kanjo wa kukagua vibanda?"

"Chips peke yake?"

"Na soseji."

"Na nini tena?"

"Na kuku. Na bhajia. Lakini saa hizi ni chips tu. Angalia mwenyewe, chips tu!"

Nilimshukuru, nikaandika kwenye daftari: Ngui, hapana. Kilikuwa kibanda cha tano siku hiyo ya Jumatatu, na bado sikuwa nimepata chakula hata kimoja ambacho mgeni wetu angeweza kukila bila wasiwasi.

Mgeni mwenyewe aliitwa Jignesh. Alikuwa fundi kutoka Rajkot, India, mtu wa miaka hamsini hivi, mwembamba, mwenye mikono iliyotulia. Sisi mafundi sita wa Kariobangi Light Industries tulikuwa tumechanga tukanunua mashine ya kukata meno ya gia, iliyokwisha kutumika huko kwao, naye akaja nayo ili aisimike na kutufundisha kuitumia. Alifika Ijumaa, na tiketi yake ya kurudi ilikuwa ya Jumapili ya wiki iliyofuata. Mashine kama ile isiposimama sawasawa, kila gia unayokata inatoka na meno yasiyolingana. Kwa hiyo zile siku tisa zilikuwa kila kitu kwetu.

Jignesh hali nyama. Hali samaki wala mayai. Mkewe alikuwa amemfungia mikate myembamba ya viungo ya kumtosha safari nzima, lakini ulipofika mwisho wa Jumapili ilikuwa imeisha, kwa sababu kila tulipoketi alitugawia. Siku hiyohiyo ya Jumapili nilimpeleka Parklands, kwenye hoteli ya Wahindi, akala vizuri. Tulitumia saa tatu barabarani kwenda na kurudi. Siku ya kazi hilo lisingewezekana. Jumatatu mchana nilimkuta ameketi kwenye sanduku la spana akila ndizi ya nne.

Nikachukua daftari nikatoka.

Nimezaliwa Kariobangi na nimekula kwenye vibanda hivi miaka thelathini. Siku hiyo ndipo nilipogundua kwamba sikujua nilichokuwa nakula. Nilikuwa nikidhani sukuma wiki ni sukuma wiki. Kumbe kwenye kibanda cha Kanyiva sukuma inakaangwa katika karai lililotoka kukaanga nyama, makusudi, ili ile ladha iliyobaki chini isipotee. Githeri ya karibu na stendi, kwa macho mahindi na maharagwe tu, ina mifupa ndani. Mandazi yanakaangwa pamoja na sambusa. Maharagwe ya mama mmoja yalionekana safi kabisa, mpaka nilipoomba kuona pakiti ya unga wa kuongeza ladha, nikakuta picha ya ng'ombe. Nilisoma maandishi madogo yote yaliyokuwa nyuma. Mwenye kibanda akasema miaka yote amekuwa akiununua kwa sababu ya rangi.

Jambo lililonishangaza zaidi lilikuwa hili: kila nilipouliza kama kuna nyama, watu walinijibu kwa moyo mweupe kwamba hakuna.

"Hakuna nyama hapo," Kanyiva aliniambia, akinionyesha sufuria.

"Na hicho?"

"Hicho ni kuku."

"Kuku si nyama?"

"Nyama ni nyama, kuku ni kuku. Ukitaka nyama nitakuambia nyama."

Sikumcheka. Hata nyumbani kwangu tunasema hivyohivyo. Niliandika: kuku (si nyama).

Mtu wa sita alikuwa Roseline, ambaye sote tunamwita Mama Opiyo. Kibanda chake kiko nyuma ya karakana yetu, mabati manne na benchi mbili, na hupika ndengu, zile choroko za kijani, na chapati. Nilimwambia tuna mgeni asiyekula nyama, nikamwomba nimuulize maswali machache. Akakaa, akafunga mikono, akanijibu moja baada ya jingine. Mafuta gani? Ya mboga, na debe akanionyesha. Sufuria? Angetenga moja ya ndengu peke yake. Mwiko? Ungekuwa wake peke yake pia. Viungo? Nyanya, kitunguu, dhania, chumvi. Unga wa pakiti? Hautumii, unamletea kiungulia. Nyama? Hakuna.

Niliandika yote. Nikarudi kwa Jignesh nikamwambia, "Nimepata. Nimekagua mwenyewe."

Tulizungumza Kiingereza, chake cha kwao na changu cha hapa, na tulielewana vizuri. Alinitazama, akakunja mikono kifuani, akasema, "Thuo-bhai, ukisema umekagua, inatosha." Thuo ni jina langu; bhai, alinieleza, ni ndugu.

Jumanne alikula ndengu na chapati mbili. Akaomba ya tatu. Jumatano alikwenda mwenyewe kwa Mama Opiyo kuongezewa, akirudi na sahani akitabasamu. Watu wa karakana za jirani wakamtania.

"Mhindi wa ndengu! Leo umemaliza sufuria?"

"Baba Ndengu, tubakishie!"

Alihesabu jina hilo kuwa heshima. Aliniambia mkewe hupika ndengu pia, lakini hizi zina kitu, zina uzito fulani mdomoni ambao hajui unatoka wapi. Alitaka kujua ni udongo wetu, au ni maji ya Nairobi, au ni makaa. Tulilijadili jambo hilo tukifanya kazi. Mimi nilisema ni makaa.

Kazi yenyewe ilikuwa ya kusawazisha. Mashine ina miguu minne, na kila mguu una bolti kubwa. Ukikaza mmoja, mwingine unainuka upana wa unywele. Yeye alilala chini upande wa nyuma na spana, mimi nikasimama mbele nikitazama pima maji, kwa sababu kutoka kule nyuma hawezi kukiona kiputo cha hewa kikitembea kwenye mistari yake. Nilimwambia, "Mstari mmoja kulia," naye akageuza. "Nusu mstari." Akageuza kidogo zaidi. "Sawa." Akahamia mguu unaofuata. Hakuwahi kuinuka kuja kutazama. Kufikia Alhamisi jioni miguu miwili ilikuwa imekamilika.

Ijumaa asubuhi nilipita kwa Mama Opiyo mapema kuliko kawaida, kumwomba aweke chapati nne badala ya tatu. Alikuwa amenipa mgongo. Mbele yake kulikuwa na sufuria mbili: ile ndogo ya ndengu, na ile kubwa nyeusi ambayo hutokota tangu alfajiri. Alichota upawa kutoka kwenye ile kubwa akamimina kwenye ile ndogo. Kisha wa pili.

"Mama Opiyo, hiyo ni nini?"

"Supu. Habari ya asubuhi, Baba Shiru."

"Supu ya nini?"

"Ya mifupa. Kuna ingine?"

Nilifungua daftari nikasoma ule ukurasa tena. Mafuta, sufuria, mwiko, viungo, pakiti, nyama. Sikuwa nimeuliza ndengu zinachemshwa kwa nini. Ilikuwa haijaniingia akilini kwamba zinaweza kuchemshwa kwa kitu kingine zaidi ya maji.

"Ulisema hakuna nyama," nikasema.

"Na hakuna! Chukua kijiko, tafuta. Ukipata hata kipande, chukua kibanda hiki uende nacho." Aligeuka, akaona uso wangu, sauti yake ikashuka. "Kwani kuna nini? Mtu ametoka ng'ambo, nimpe ndengu za maji kama mahabusu? Akirudi kwao atasema tulimlisha nini? Hata wewe umeona damu imerudi usoni."

"Nilikuambia hali nyama."

"Nikajua ni gauti. Mjomba wangu ana gauti, amekatazwa nyama, anakunywa supu tu. Sasa Mhindi wako ana nini?"

Nilimweleza. Kwamba si ugonjwa. Kwamba ni dini yake na malezi yake, kwamba babu yake hakula, na baba yake hakula, na kwamba ng'ombe hasa ndiye mwenye uzito kuliko wote. Mama Opiyo alisikiliza mpaka mwisho, upawa ungali mkononi. Kisha akaketi kwenye benchi ya wateja.

"Kwa nini hukuniambia hivyo Jumatatu?" akauliza.

Lilikuwa swali la haki. Nilikuwa nimeuliza maswali sita, na sikuwa nimempa sababu hata moja.

Nilimtafuta Walter Okoth, mwenyekiti wetu, nikamkuta akifungua kufuli la karakana. Alisikiliza huku akitikisa kichwa.

"Usimwambie," akasema.

"Ataendelea kula?"

"Leo mwambie ndengu zimeisha. Mpe ndizi, mpe parachichi, ni siku mbili tu. Amekula mara tatu, hajaumwa hata tumbo. Thuo, skiza, buda. Miguu miwili bado. Huyu mtu akikasirika leo akaenda airport, hiyo mashine tutaifanya nini? Tutaianikia nguo?"

"Itakuwa imesimama vibaya."

"Ndiyo hiyo. Sasa nyamaza."

Walter si mtu mbaya. Alikuwa na haki ya kuogopa, na mimi pia niliogopa. Nilikwenda nikapanga spana, jambo ambalo halikuhitajika, nikiwaza. Kama ningenyamaza, Jignesh angerudi nyumbani akiwa na furaha. Angemwambia mkewe habari za ndengu za Kariobangi, labda amwombe ajaribu kuzipika hivyo, wote wawili wakitafuta ile ladha. Hapo ndipo niliposhindwa. Niliwaona jikoni kwao wakitafuta.

Alifika saa mbili, akavua viatu vyake vizuri akavaa vya kazi. Nilimwomba aketi kwanza.

"Zile ndengu," nikasema, "zilikuwa zinapikwa kwa supu ya mifupa. Nimeona leo asubuhi. Mpishi hakujua. Mimi ndiye niliyekagua, na sikukagua vizuri."

Kisha akauliza, "Siku zote tatu?"

"Zote tatu."

"Ng'ombe?"

"Ng'ombe."

Aliinuka akatoka. Nilimwona kupitia mlangoni akiinama kwenye bomba la uani, akisukutua mdomo, akitema, akisukutua tena. Alifanya hivyo kwa muda mrefu. Watu wa karakana ya jirani wakaanza kumwita, "Baba Ndengu!" Nikawaashiria wanyamaze. Walter alisimama kando ya mashine, mkono juu yake, kama anayeshika mnyama asitoroke.

Jignesh aliporudi ndevu zake zilikuwa zinadondosha maji. Hakuketi.

"Kwa nini umeniambia?"

"Kwa sababu nilikuambia nimekagua."

"Ungenyamaza, nisingejua. Sasa nitarudi nalo nyumbani. Mama yangu yuko hai, ana miaka themanini. Nitaingia kwake nikiwa nalo." Sauti yake haikupanda, na ningeona nafuu kama ingepanda. "Umejiondolea mzigo ukanipa mimi."

Nililifikiria neno hilo wakati ule, na ninalifikiria bado, na sijaona kwamba alikosea.

Alinyoosha mkono. "Hilo daftari."

Nilimpa. Maandishi yalikuwa ya Kiswahili, kwa hiyo akanitaka nimsomee. Nikasoma kibanda kwa kibanda. Ngui, hapana. Githeri ya stendi, mifupa. Karai la Kanyiva. Pakiti ya ng'ombe. Alisikiliza kwa makini kama fundi anayesomewa vipimo. Nilipofika kwenye "kuku (si nyama)" alinisimamisha, akataka nimweleze, nikamweleza. Kona ya mdomo wake ilisogea kidogo, halafu ikarudi.

"Ulizunguka vibanda sita?"

"Sita."

"Mimi sijawahi kuuliza hata kimoja," akasema. "Nyumbani mama alipika, sasa mke wangu anapika. Miaka hamsini na mbili nakula kinachowekwa mbele yangu. Sijui hata mafuta yanatoka duka gani." Akanirudishia daftari. "Nilikuwa nadhani mimi ndiye niliyejitunza."

Kisha akalala chini nyuma ya mashine, akachukua spana, akasema, "Mguu wa tatu."

Nilikwenda mbele. Kiputo kilikuwa kimehama kidogo. "Mstari mmoja na nusu kushoto," nikasema.

Nilisikia spana ikiwekwa sakafuni. Jignesh aliinuka, akajipangusa vumbi, akazunguka mashine nzima, akainama kando yangu akatazama kiputo. Ulikuwa mstari mmoja na nusu kushoto. Akaitikia kwa kichwa, akazunguka kurudi, akalala, akageuza bolti.

"Sasa?"

"Nusu mstari kushoto."

Akaweka spana chini. Akainuka, akazunguka.

Ikawa hivyo asubuhi nzima. Hakuwa na hasira, wala hakunitupia neno. Kila mara aliniomba radhi akipita kati yangu na meza. Walter alihesabu safari tano, akaja akaninong'oneza, "Sasa umeona? Kwa mwendo huu tutamaliza Krismasi." Nilimwambia nimeona. Nilimwambia pia kwamba mimi mwenyewe ningezunguka.

Saa saba Mama Opiyo alikuja. Si kawaida yake kuacha kibanda wakati wa wateja. Alikuwa amebadilisha leso, na mkononi alikuwa na sahani iliyofunikwa kwa sahani nyingine. Alisimama mlangoni, hakuingia.

"Mwambie nimepika kwa maji ya bomba," akaniambia. "Sufuria ni ya dada yangu, mpya, haijawahi kupika kitu. Mwambie nimezionja. Hazina ladha yoyote, lakini ni safi."

Nikatafsiri, pamoja na kwamba hazina ladha. Jignesh alikwenda mpaka mlangoni, akakunja mikono kifuani mbele yake kama alivyonifanyia mimi siku ile.

"Mwambie ahsante. Leo sili chochote. Ni maji tu mpaka kesho. Si kwa sababu yake. Kwetu hufanywa hivyo."

"Anafunga?" Mama Opiyo akauliza.

"Anafunga."

"Na kesho je?"

Nilimuuliza. Jignesh alitazama sahani iliyofunikwa.

"Kesho asubuhi nitakwenda kwake kabla ya kazi," akasema. "Nitakaa pale nimwone akipika, tangu mwanzo. Kama ataniruhusu."

Mama Opiyo aliposikia hayo aliinua kidevu. Nilidhani ameudhika. Ameendesha kibanda kile miaka kumi na miwili, na hakuna mwanamume aliyewahi kuketi jikoni kwake kumchunga.

"Mwambie aje na kiti chake," akasema. "Benchi ni za wateja." Akaondoka na sahani. Baadaye niliona mlinzi wa lango akizila zile ndengu, akiongeza chumvi.

Tuliendelea. Mchana Jignesh alipumzika mara mbili, akanywa maji, akafumba macho. Hakukosea bolti hata moja, ila alifanya pole pole zaidi, na kila kipimo alikuja kukiona. Mguu wa tatu ulikubali saa tisa na nusu. Tulipoanza wa nne, ule wa kwanza ukashuka, ikabidi turudi kuuinua, naye akazunguka tena na tena, mpaka njia yake ikaonekana wazi kwenye vumbi la sakafu.

Saa kumi na moja alisimama, akashika kiuno.

"Basi," akasema. "Mtu mwenye njaa asikaze bolti ya mwisho. Atakaza kupita kiasi ili amalize."

Walter alitazama saa yake. Tukaifunika mashine kwa turubai. Mguu wa nne ulikuwa bado mistari miwili chini, na spana tuliiacha palepale kwenye bolti.

Nilimsindikiza Jignesh mpaka barabarani akapanda gari la kwenda Umoja, anakolala. Kabla ya kupanda aliniuliza Mama Opiyo huwasha moto saa ngapi. Nikasema saa kumi na mbili. Akasema basi atakuwa pale saa kumi na mbili kasoro.

Nikarudi kumpa Mama Opiyo habari. Nilimkuta kwenye benchi, sinia mapajani, akichagua ndengu za kesho. Mawe aliyaweka kwenye kifuniko cha kopo, mbovu akazitupia kuku wa jirani.

"Atakuja saa kumi na mbili kasoro," nikamwambia. "Anataka kuona tangu mwanzo."

Vidole vyake vilisimama. Alitazama sinia. Upande mmoja ndengu zilikuwa zimekwisha kuchaguliwa, safi, na upande mwingine bado.

"Mwanzo ni wapi, Baba Shiru? Hapa kwenye kuchagua, au kwenye maji?"

Nilifikiri. "Sikumuuliza," nikasema.

"Wewe na maswali yako." Alichanganya pande zote mbili kwa kiganja, zilizochaguliwa na ambazo bado, akafunika sinia kwa kitambaa, akaiweka juu ya debe imngoje Jignesh.